Herman Schneider: Mwalimu Aliyeunganisha Darasa na Karakana

Kila mwanachuo wa ualimu hufikiwa na siku ya kutoka chuoni kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Hubeba maandalio ya masomo, zana alizozichora na kuzitengeneza kwa mkono wake, na nadharia alizozisoma kwa miezi mingi. Afikapo shuleni hukuta darasa lililofurika watoto, ubao uliopauka, na mwalimu mkuu ambaye hajaamua bado kama mgeni huyu ni msaada au ni mzigo. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kila chuo hukutana nalo: yale tuliyoyasoma na haya tunayoyatenda yana uhusiano gani, na ni kazi ya nani kuyaunganisha?

Tumeona vema kueleza hapa maisha ya mtu aliyelitolea swali hilo sehemu kubwa ya umri wake. Jina lake ni Herman Schneider, mhandisi na mwalimu wa wahandisi katika nchi ya Marekani. Wanafunzi wake walikuwa vijana wa chuo kikuu, na shule zao za mazoezi zilikuwa viwanda vya kuchonga vyuma. Hata hivyo, shida alizokutana nazo katika kuwapeleka vijana kazini, kupatana na waajiri, na kuwafuatilia wanafunzi huko walikokwenda, ni shida ambazo mwalimu yeyote wa ualimu atazitambua mara moja.

Kukua kwake na masomo yake

Schneider alizaliwa mwaka 1872 katika mji mdogo wa Summit Hill, jimbo la Pennsylvania. Eneo hilo lilikuwa la machimbo ya makaa ya mawe, na mtoto aliyekulia huko aliona tangu mapema jinsi watu wanavyoishi kwa kazi ya mikono yao na jinsi kazi hiyo inavyoweza kumkomaza mtu au kumchakaza. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Lehigh kilichoko katika mji wa Bethlehem, jimboni humo humo, akahitimu mwaka 1894.

Baada ya kuhitimu hakubaki chuoni. Alifanya kazi ya usanifu wa majengo, kisha akaenda magharibi ya Marekani kufanya kazi ya uhandisi wa reli. Mwaka 1899 alirudi Lehigh, safari hii akiwa mwalimu wa uhandisi wa ujenzi. Kwa hiyo alipoanza kufundisha alikuwa amekwisha kupima mafunzo yake mwenyewe kwa kazi halisi, na alijua ni yapi yaliyomfaa na ni yapi yaliyobaki daftarini.

Fikra inavyozaliwa

Akiwa mwalimu kijana pale Lehigh, Schneider alisumbuliwa na jambo moja. Aliwaona wanafunzi waliofaulu vizuri mitihani ya hesabu na ya nguvu za maada, lakini walipofika kazini wakababaika. Hawakujua kupima kazi kwa macho, hawakujua kusema na mafundi, wala hawakujua kama kazi ile waliipenda au la. Wengine waligundua baada ya miaka minne ya masomo kwamba walikuwa wamechagua njia isiyowafaa.

Hakuridhika na kunung'unika. Alianza kuwachunguza wahitimu wa chuo chake na kuwauliza waajiri wao, akitaka kujua ni akina nani waliofanikiwa na kwa nini. Akaona kwamba wengi wa waliofanikiwa walikuwa wamefanya kazi ya ujira walipokuwa wangali wanafunzi, ama wakati wa likizo ama kwa kuacha masomo kwa muda ili wapate karo. Mara nyingi umaskini ndio uliowasukuma kwenda kazini, na kazi hiyo ikawapa kitu ambacho darasa halikuwapa wenzao wenye uwezo. Swali lililofuata lilikuwa la mwalimu: ikiwa jambo hili jema huwapata baadhi ya wanafunzi kwa bahati tu, je, haiwezekani lipangwe ili liwafikie wote?

Inasimuliwa kwamba jibu lilimjia jioni moja alipokuwa akitembea katika viwanja vya chuo, akasikia mngurumo wa tanuru la chuma cha pua katika kiwanda kilichokuwa jirani. Huku upande mmoja kulikuwa na maabara ya chuo yenye vifaa vichache na vya zamani. Huku upande wa pili kulikuwa na kiwanda kizima chenye mitambo ya kisasa, kikifanya kazi usiku na mchana. Chuo hakingeweza kamwe kununua mitambo kama ile, na hata kingenunua, ingechakaa na kupitwa na wakati. Kwa nini basi kiwanda kisifanywe kuwa maabara ya chuo? Iwe jioni ile ilitokea kama inavyosimuliwa au la, hoja hii ndiyo iliyokuwa msingi wa kazi yake yote iliyofuata. Nadharia ifundishwe chuoni, mahali penye utulivu na waalimu walioisomea. Utendaji ufundishwe kazini, mahali penye vifaa na mafundi waliobobea. Na mambo hayo mawili yapangwe yaende sambamba.

Mwaka 1901 alikuwa amekwisha kuichora ramani ya mpango wake. Lakini fikra njema si lazima ipate mahali pa kumea. Katika jimbo la Pennsylvania tajiri Andrew Carnegie alikuwa ametoa fedha za kuanzisha shule za ufundi mjini Pittsburgh, na haja ya mpango wa Schneider katika sehemu zile ikaonekana ndogo. Ilimbidi asubiri.

Mwaka mmoja wa majaribio

Mwaka 1903 Schneider alihamia Chuo Kikuu cha Cincinnati, katika jimbo la Ohio, akiwa na cheo cha chini miongoni mwa maprofesa. Mji huo ulimfaa kwa sababu mbili. Kwanza, ulikuwa kitovu cha viwanda vinavyotengeneza mashine za kukereza na kuchonga vyuma, yaani mashine zinazotumika kutengenezea mashine nyingine. Pili, chuo kikuu chake kilikuwa mali ya mji wenyewe, na kiliendeshwa kwa kodi za wananchi wake. Haikuwa vigumu kueleza kwamba chuo cha mji na viwanda vya mji vinapaswa kusaidiana.

Hata hivyo ilichukua miaka mitatu ya kushawishi. Baadhi ya waalimu wenzake walihofu kwamba elimu ya chuo kikuu itashushwa hadhi ikichanganywa na grisi na vumbi la karakana. Baadhi ya wenye viwanda nao walijiuliza watafanya nini na vijana wa chuo wasiojua kushika tupa. Mwaka 1906 bodi ya chuo ilimkubalia ajaribu mpango wake kwa mwaka mmoja, lakini katika uamuzi wake iliandika wazi kwamba mpango ukishindwa, bodi haitabeba lawama. Kwa maneno mengine, kama utafaulu utakuwa wa chuo, na kama utaanguka utakuwa wa Schneider peke yake. Mwaka huo huo alifanywa mkuu wa kitivo cha uhandisi.

Alianza na wanafunzi 27. Mwaka mmoja ulipokwisha hapakuwa na aliyetaka kuufuta mpango, na mwaka 1907 chuo kiliuidhinisha kamili. Inafaa mwanachuo azingatie udogo wa mwanzo huo. Schneider hakudai chuo kizima kibadilishwe kwa siku moja. Aliomba kikundi kidogo na muda mfupi, akahakikisha kwamba kikundi hicho kimehudumiwa barabara.

Jinsi mpango ulivyoendeshwa

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kutekeleza. Wanafunzi waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipokuwa darasani, kundi la pili lilikuwa viwandani. Baada ya wiki moja yalibadilishana nafasi. Kila mwanafunzi alikuwa na mwenziwe katika kundi la pili, na wawili hao walishika nafasi moja ya kazi. Kwa njia hiyo mashine ya mwajiri haikubaki bila mtu hata siku moja, na kiti cha darasani hakikubaki kitupu. Ili kazi isikatike, mwanafunzi aliyekuwa akijiandaa kuingia zamu alifika karakanani siku ya Jumamosi, akaelezwa na mwenziwe kazi imefikia wapi, ipi imekamilika na ipi inangoja. Jumatatu asubuhi aliendelea pale pale mwenziwe alipoachia.

Kwa sababu nusu ya muda ilitumika kazini, masomo yalichukua miaka sita badala ya minne. Wanafunzi walilipwa ujira na waajiri wao, wakafuata saa za kazi na amri za karakana kama wafanyakazi wengine. Ujira huo ulikuwa na maana kubwa. Uliwawezesha vijana wa familia zisizo na uwezo kusoma uhandisi, na pia uliwafanya waajiri wawachukulie kama watu wa kazi wala si kama wageni waliokuja kutazama.

Kazi za kiwandani nazo zilipangwa kwa hatua. Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, mathalani, aliweza kuanza katika karakana ya kusubu chuma, ambako kazi ni nzito na chafu. Kutoka huko alikwenda kwenye mashine za kukereza, kisha kwenye kuunganisha mitambo, kisha kwenye kuipima, na mwishowe kwenye ofisi ya michoro na ya mauzo. Alipomaliza alikuwa amekifuata kitu kimoja tangu kikiwa chuma kilichoyeyuka hadi kinapomfikia mnunuzi. Mwalimu wa shule ya msingi ataona hapa kanuni anayoifahamu: kutoka lililo jepesi kwenda lililo gumu, na kutoka kinachoshikika kwenda kwenye kinachofikirika.

Kazi ya mratibu

Lililokuwa jipya zaidi katika mpango wa Schneider, na ambalo mara nyingi husahauliwa na wanaomwiga, ni cheo cha mratibu. Schneider alitambua mapema kwamba kumpeleka mwanafunzi kazini si sawa na kumfundisha kazi. Mtu anaweza kusimama mbele ya mashine miaka kumi asijue kwa nini inafanya inavyofanya. Uzoefu hauzai elimu wenyewe. Lazima awepo mtu wa kuuliza maswali.

Mratibu alikuwa mwalimu wa chuo ambaye aligawa muda wake kati ya chuo na viwanda. Alipokuwa viwandani alizitembelea karakana, akawaona wanafunzi wakiwa kazini, akaandika ni kitu gani hasa kila mmoja anakifanya: kipande gani cha chuma, kwa mashine gani, kwa mwendo gani. Alizungumza na wasimamizi akajua ni nani anayefika mapema na ni nani anayeharibu kazi. Wiki iliyofuata wanafunzi hao waliporudi darasani, mratibu alikutana nao na kuwauliza juu ya yale aliyoyaona. Kwa nini chombo hiki cha kukatia hupata moto zaidi kuliko kile? Kwa nini gurudumu lile lina meno mengi na hili lina machache? Ni kanuni ipi ya hesabu mliyoifanya wiki jana ambayo imefichika katika kazi hii? Mwanafunzi aliyedhani kwamba algebra ni adhabu aligundua kwamba amekuwa akiitumia siku sita mfululizo bila kujua jina lake.

Mratibu pia alikuwa msikilizaji. Kijana aliyechoka, aliyegombana na msimamizi, au aliyeanza kushuku kwamba hakuumbiwa uhandisi, alikuwa na mtu wa kumwendea. Mratibu hakumhukumu kwa alama za mtihani peke yake, wala kwa neno la mwajiri peke yake, kwa kuwa alikuwa amemwona pande zote mbili.

Kupatana na waajiri

Kazi ya pili ya mratibu ilikuwa kulinda uhusiano wa chuo na waajiri, na hapa ndipo palipokuwa na utata mkubwa. Mwajiri ana kusudi lake: anataka kazi itoke, nzuri na kwa wakati. Chuo nacho kina kusudi lake: kinataka mwanafunzi ajifunze. Makusudi hayo yanaweza kwenda pamoja, lakini yanaweza pia kugongana. Mwanafunzi akishakuwa hodari kwenye mashine moja, mwajiri atapenda abaki hapo hapo, maana sasa ana faida. Chuo kwa upande wake kitataka ahamishiwe kwenye kazi nyingine, maana hapo amekwisha kujifunza la kujifunza. Pasipo mtu wa kulisimamia jambo hili, mafunzo hugeuka kuwa kibarua cha bei nafuu.

Schneider hakulitatua jambo hili kwa kuwaomba waajiri hisani. Alielewa kwamba hisani huchoka. Aliwaonyesha kwamba wana haja ya watu waliofunzwa vizuri, na kwamba wakimpa mwanafunzi nafasi ya kupita katika idara mbalimbali watapata baadaye mhandisi anayekijua kiwanda chao chote. Kwa upande wa chuo naye alitimiza ahadi: aliwapelekea vijana waliofika kwa wakati, waliotii taratibu, na ambao mwalimu wao alikuja kuwatazama mara kwa mara. Mwajiri aliyeona kwamba chuo kinajali alijali pia.

Zaidi ya hayo, Schneider alitofautisha kati ya kazi inayomjenga mfanyakazi na kazi inayomdumaza. Aliona kwamba viwanda vya siku zake vilikuwa vikizidi kuigawanya kazi vipande vidogo vidogo, hata mtu akafanya tendo moja mchana kutwa, akili yake ikilala. Alionya kwamba jambo hilo ni hatari kwa taifa, na mwaka 1915 alichapisha kitabu juu ya elimu ya wafanyakazi wa viwandani. Wako waliomwona kuwa mtu wa wenye viwanda, na si ajabu, maana alishirikiana nao sana. Na ni kweli kwamba elimu inayofuata mahitaji ya mwajiri pekee humfanya mwanafunzi kuwa chombo. Lakini mtu anayeuliza kazi inamfanya nini mfanyakazi hawezi kuwekwa moja kwa moja katika kundi la wale wasiojali.

Kumtambua mwanafunzi

Katika miaka ile walikuwapo watu waliodai kwamba waweza kumjua mtu anafaa kazi gani kwa kutazama umbo la kichwa chake, rangi ya nywele zake, au vidole vyake. Schneider alikuwa na wanafunzi wengi mbele yake, na kumbukumbu za kazi zao, naye hakuona ushahidi wa kuyaunga mkono madai hayo. Kipimo alichokiamini kilikuwa kazi yenyewe. Mjaribu kijana katika kazi mbalimbali, mtazame kwa makini, andika unayoyaona, na baada ya muda tabia yake itajidhihirisha.

Kwa uchunguzi huo alipanga sifa za watu katika jozi zinazopingana. Wako wanaopenda kutulia mahali pamoja na wako wanaopenda kuhamahama. Wako wanaofanya vizuri ndani ya jengo na wako wanaofanya vizuri nje. Wako wenye kubuni na wako wenye kuiga. Hakuna upande ulio bora kuliko mwingine. Kosa ni kumweka mtu wa upande mmoja katika kazi ya upande wa pili, kisha kumwita mvivu. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeshindwa katika karakana moja hakufukuzwa upesi. Alijaribiwa kwingine kwanza.

Kuenea kwa mpango na miaka ya mwisho

Habari za Cincinnati zilienea. Mwaka 1908 mji wa Fitchburg katika jimbo la Massachusetts ulianza mpango wa namna hiyo katika shule yake ya sekondari: vijana walikaa wiki moja shuleni na wiki moja viwandani. Mwaka 1909 chuo cha Boston ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Northeastern kiliufuata kwa wanafunzi wake wa uhandisi. Chuo cha Antioch, katika jimbo hilo hilo la Ohio, kiliuingiza katika masomo yasiyo ya ufundi. Mwaka 1957, miaka mingi baada ya Schneider kufariki, Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada kilianzishwa juu ya msingi huo.

Mpango wenyewe haukubaki kama ulivyoanza. Zamu za wiki moja zilionekana fupi, hasa kwa wanafunzi waliopata kazi mbali na mji, nazo zikarefushwa. Masomo mengine, kama biashara, yaliingizwa pia. Schneider hakuona aibu kubadili alichokianzisha mwenyewe. Kwake utaratibu ulikuwa chombo, na chombo hunolewa.

Mwaka 1929 alifanywa rais wa Chuo Kikuu cha Cincinnati. Mwaka huo huo uchumi wa Marekani uliporomoka. Viwanda vilipunguza watu, na nafasi za wanafunzi zikawa adimu. Hapo udhaifu wa mpango ulionekana waziwazi: chuo kinachotegemea waajiri kwa nusu ya mafunzo yake hutikisika waajiri wanapotikisika. Schneider aliuacha urais mwaka 1932, na akafariki mwaka 1939. Mpango aliouanzisha kwa mwaka mmoja wa majaribio uliendelea. Mwaka 2005, ulipokaribia kutimiza miaka 100, bodi ya chuo ilitangaza kwamba muda wa majaribio sasa umekwisha, na kwamba iko tayari kuubeba wajibu wake.

Funzo kwa mwalimu wa shule ya msingi

Nchini Tanzania fikra ya kuunganisha kusoma na kutenda si ngeni. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ililitaka jambo hilo katika kila shule, kwa sababu zilizotokana na hali ya nchi yetu yenyewe. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, vijana wengi waliomaliza elimu ya msingi walijifunza ualimu huku wakifundisha, wakisaidiwa na wakufunzi, masomo ya posta na vipindi vya redio, ili Elimu ya Msingi kwa Wote ipate waalimu. Sifa na lawama za mpango huo zimejadiliwa sana. Lakini yeyote aliyeuona kwa karibu anakubali kwamba palipokuwa na mkufunzi aliyefika mara kwa mara, kijana alikua. Na palipokosekana mkufunzi, kijana alifundisha kama yeye mwenyewe alivyofundishwa zamani, basi.

Kutokana na maisha ya Schneider tunapendekeza mambo manne kwa mwanachuo anayejiandaa kwa mazoezi ya kufundisha.

Kwanza, mwalimu mkuu wa shule uendayo ndiye mwajiri wako kwa wakati ule. Ana ratiba yake, wazazi wake na mitihani yake. Mwendee mapema, kwa adabu, umweleze umekuja kujifunza nini na unaweza kumsaidia nini. Fika kabla ya kengele. Shule iliyoridhika na mwanachuo mmoja humfungulia mlango mwenzake wa mwaka ujao. Na shule iliyoudhika huufunga kwa wengi.

Pili, usikubali kugeuzwa kiraka cha pengo. Ni jambo la kawaida mwanachuo kuachiwa darasa zima kwa kuwa mwalimu wake amepata nafasi ya kupumzika. Omba kwa heshima mwalimu wa darasa abaki nawe katika baadhi ya vipindi, na omba ufundishe madarasa tofauti na masomo tofauti. Ukiona aibu kulisema, mweleze mkufunzi wako alisemee.

Tatu, tafuta mwenzi. Wanachuo wawili waliopangwa shule moja wafundishe kwa kupokezana na watazamane. Kabla ya kupokea somo, keti na mwenzio akueleze watoto wameishia wapi, nani ameelewa na nani bado anahesabu kwa vidole. Makabidhiano hayo ya nusu saa yana thamani kuliko ukurasa mzima wa maandalio yaliyonakiliwa.

Nne, andika unayoyaona, siyo unayodhani mkufunzi anataka kuyasoma. Somo likianguka, andika liliangukia wapi. Urudipo chuoni yalete hayo darasani, uulize yanahusianaje na saikolojia na falsafa uliyofundishwa.

Kwa wakufunzi wenzetu tuna neno moja. Ziara ya kwenda kutoa alama mara moja, kusaini karatasi na kupanda gari, haikuwa kazi ya mratibu kwa namna Schneider alivyoielewa. Tukiwapeleka wanachuo shuleni bila kuwafuata, na tukiwapokea bila kuwauliza, tumewaachia wao peke yao kazi ya kuunganisha nadharia na vitendo. Kazi hiyo ni yetu.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya kumpeleka mwanafunzi kazini na kumfundisha kwa njia ya kazi. Toa mfano kutoka shule uliyofanyia mazoezi.

2. Mwalimu mkuu anataka ubaki Darasa la Tatu kwa muda wote wa mazoezi kwa sababu unalimudu vizuri. Utamjibu nini, na kwa hoja zipi?

3. Mpango wa Schneider ulitikisika viwanda vilipopunguza watu. Mazoezi ya kufundisha nayo yanaweza kutikiswa na mambo gani, na chuo kijiandae vipi?

4. Tengeneza daftari la wiki moja la mwanachuo wa mazoezi, lenye nafasi ya kuandika kazi iliyofanyika, tatizo lililoonekana, na swali la kupeleka chuoni.